Picha za Kabla

"Mjomba, huko juu huwa unaongea na nani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimesimama chini ya ngazi iliyoegemezwa kwenye nyumba ya jirani yetu, fundi cherehani. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu mawili. Kabla hajakanyaga kipandio cha kwanza alisema, "Umeshika?" Kisha kwa sauti nzito zaidi, kama mtu anayemuigiza mwenzake, akajijibu, "Nimeshika." Ndipo akapanda. Alipotaka kuvuka kutoka upande mmoja wa paa kwenda wa pili, akarudia tena vilevile. Chini hapakuwa na mtu isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshika mkebe wa chaki tu.

"Nirushie chaki," alisema.

Nikamrushia. Hilo ndilo jibu nililopata, na nililikalia kwa miaka saba.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Mtaa mzima unamwita Bwana Kabla, na jina hilo limemganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwetu mvua ya mawe si ajabu. Mwaka mmoja inakuja mara mbili, mwaka mwingine haiji kabisa, watu wanaanza kujisahau, halafu ikirudi inakuja na hasira za miaka yote iliyopita. Mawe ya ukubwa wa punje ya mahindi hayana neno, watoto wanayaokota na kuyatia mdomoni. Yakifikia yai la kuku, bati linabonyea, vioo vinakwenda, lipu ya ukuta inabanduka, na tangi la maji linapasuka. Ndiyo maana nyumba nyingi za kwetu zina bima ya paa, na ndiyo maana kuna kazi kama ya mjomba.

Kazi yenyewe iko hivi. Msimu ukikaribia, hupanda kwenye kila paa ambalo mwenyewe amemwita. Hubadilisha vipira vya misumari vilivyokauka, huziba matundu kwa lami, huzoa majani kwenye mifereji ili barafu isipate pa kujazana, hufunika tangi kwa magunia. Akimaliza kukinga, hupiga picha. Pembe nne za nyumba, kila upande wa paa, kofia ya paa kule kileleni pande mbili zinapokutana, mifereji, madirisha, milango, kuta zote, hata ufa ulio nyuma ya choo. Katika kila picha huweka karatasi yenye tarehe. Hizo ndizo picha za kabla. Mawe yakishapita hupanda tena kupiga za baada, na safari hii huzungushia kila mbonyeo chaki. Mpya duara, wa zamani mraba. Mpya unang'aa kwa sababu jiwe limefuta vumbi. Wa zamani umekaa na uchafu wake katikati, na pengine kutu. Watu wa bima hulipa maduara. Mraba hawautazami mara mbili.

"Kabla, kabla, kila siku kabla!" fundi cherehani alizoea kumtania. "Kwani baada haina mwenyewe?"

"Baada kila mtu anayo," mjomba alimjibu. "Kabla ndiyo hamna."

Nilimfuata sana nilipokuwa mdogo, kwa hiyo najua mambo ya paa ambayo wenzangu darasani hawayajui. Najua unakanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake kuna ubao. Ukikanyaga katikati ya bati unalibonyeza mwenyewe halafu unasingizia mawe. Najua picha hupigwa asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, ili kila kishimo kitoe kivuli chake. Saa sita mchana bati lililotobokatoboka linaonekana zima kama sahani mpya. "Saa hizo bati ni muongo," mjomba husema, na huenda kulala.

Na najua kwamba kwa miaka kumi na minane hakuwahi kupanda peke yake.

Mwenzake alikuwa seremala anayekaa mtaa wa tatu kutoka kwetu, nyumba ya kona yenye milango ya kijani. Jina lake mtaani lilikuwa Nimeshika. Mjomba alikuwa mtu wa juu, yeye mtu wa chini. Kazi yake ilikuwa kuishika ngazi, kupandisha vifaa kwa kamba, kuandika katika daftari kile mjomba alichokisema, na kubishana. Walibishana kuhusu mpira, kuhusu siasa, kuhusu kama chai huwekwa sukari kabla ya majani au baada. Ukipita njiani ulisikia sauti moja paani na nyingine ardhini, hakuna anayemuona mwenzake, wanarushiana maneno kama wauza samaki. Lakini mjomba hakusogeza mguu hata hatua moja kabla ya kuuliza, "Umeshika?" na kujibiwa. Mke wa mjomba alipofariki, mama anasema, Nimeshika alikuja kila jioni kwa miezi mitatu na hakusema pole hata mara moja. Alikaa tu wakabishana.

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea, maana nadhani haliwezi kutokea kwa watu wengine ila hawa wawili.

Mjomba alikuwa na picha za kabla za mtaa mzima. Za Nimeshika hakuwa nazo. Hata moja. Kila msimu walianza na nyumba za watu, na kila jioni walirudi kwenye ile nyumba ya milango ya kijani kunywa chai, na mjomba akitazama juu alisema, "Yako tutapiga kesho, jua limeshakwenda." Nimeshika naye akajibu, "Yangu ina haraka gani? Si unaiona kila siku?" Miaka kumi na minane ya kesho.

Nikiwa na miaka minane yakaanguka mawe ambayo wakubwa walikiri hawajawahi kuona. Paa la Nimeshika likaharibika pande zote mbili. Bwana wa bima akaja na daftari lake, akauliza picha za kabla ziko wapi. Hakuna. Basi akamgeukia mjomba, kwa kuwa neno la mjomba kwao lilikuwa na uzito. "Wewe unaijua nyumba hii. Kabla ya mvua paa lilikuwa zima?"

Mama alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia. Anasema mjomba alisimama muda mrefu akisugua chaki kwenye kiganja mpaka mkono wote ukawa mweupe. Upande wa nyuma, wa jikoni, ulikuwa umebonyea siku nyingi. Waliubonyeza wenyewe, yeye na Nimeshika, siku walipoangusha boriti wakati wa kujenga, na walicheka sana siku hiyo.

"Wa mbele ulikuwa mzima," mjomba akasema. "Wa nyuma ulishabonyea zamani."

Bwana wa bima akafunga daftari. Kama wa nyuma ni wa zamani na picha hakuna, nani atamhakikishia wa mbele? Wakakataa paa zima.

Nimeshika hakupiga kelele. Alisema tu, "Watu wote mtaani una picha zao. Mimi picha umekosa, ukapata maneno." Akaichukua ngazi iliyokuwa ukutani kwake, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa mjomba, akailaza chini taratibu, akaondoka. Paa lake akaliziba kwa viraka. Hakuja tena.

Kuanzia siku hiyo mjomba alitaka kitu kimoja tu duniani: Nimeshika arudi chini ya ngazi. Hakukisema. Lakini watu walipomletea vijana wa kumsaidia, wenye nguvu na adabu zao, aliwarudisha. "Ngazi yangu ina mtu," alisema. Akanunua kamba, akawa anaifunga ngazi kwenye nguzo au kwenye nondo za dirisha, anauliza, anajijibu, anapanda.

Alikaa peke yake katika vyumba viwili nyuma ya ukuta wa shule yetu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili na rafu ya bahasha. Kila nyumba na bahasha yake, imeandikwa kwa mwandiko wa kupinda: Nyumba ya fundi cherehani. Nyumba ya muuza vitabu. Nyumba ya nesi. Kiti cha pili kilikuwa na betri, misumari na makopo ya lami, ili kisionekane kuwa ni cha mtu. Radio aliiwasha asubuhi na kuizima usiku, na ilipokuwa inasema jambo asilolipenda aliibishia. Mama alimwambia ahamie kwetu. "Kaka, utakaa na makopo mpaka lini?" Akajibu, "Makopo hayakorofishi mtu." Siku za Jumapili alikuja kula, akasifia chakula, akaondoka kabla sahani hazijakauka.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa natoka shule nikamwona amekaa juu ya nyumba ya muuza vitabu, amekunja miguu, ametulia kama njiwa. Ngazi ilikuwa imelala bustanini. Kamba ilikuwa imefunguka.

"Mjomba, unafanya nini huko?"

"Napunga upepo."

"Tangu saa ngapi?"

Akafikiri. "Tangu saa nne."

Ilikuwa saa kumi. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Watu walipita, akawapungia mkono, nao wakampungia, wakidhani ni kazi. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele za kuomba msaada. Alisema aliita mara moja, halafu akaona aibu, kwa sababu lililomtoka mdomoni lilikuwa jina la mtu, si "msaada."

Niliinua ngazi kwa shida. Nilipoiegemeza nikaikumbatia kwa mikono miwili na kumwambia, "Nimeshika!" Mjomba alinitazama kutoka juu. Hakukasirika, lakini uso wake ulifungwa kama dirisha. Akashuka. Sikulisema tena neno lile mbele ya ngazi yake.

Jambo la bahasha lilianza na neno la nesi, na aliniambia kwa mzaha. Nyumba yake imepakana na ile ya milango ya kijani. "Hebu muulize mjomba wako," akasema, "paa langu lina nini? Kwa wengine anakaa nusu saa, kwangu anashinda. Nitaanza kumdai kodi."

Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye rafu. Bahasha ya nesi ilikuwa nene mara tatu ya nyingine. Nikaifungua. Picha chache za mwanzo zilikuwa za nesi kweli. Zilizobaki zilipigwa kutoka kwenye kofia ya paa la nesi, karatasi ya tarehe imewekwa mbele na kukandamizwa kwa nyundo, na nyuma ya karatasi, likiwa wazi kabisa katika jua la asubuhi, paa la Nimeshika. Upande wa mbele, upande wa nyuma, viraka vyote, mifereji, ukuta wa jikoni. Kila mwaka, tangu mwaka ule.

"Unapekua vya watu," mjomba akasema mlangoni.

"Kwa nini usimpelekee?"

"Nimpelekee kabla isiyo na baada? Atasema nimekuja kumtangazia balaa."

"Basi nenda kumsalimia tu."

"We mtoto," akasema, akichukua bahasha na kuirudisha mahali pake. "Salamu ya miaka mingi inaanzaje?"

Nikarudi nyumbani.

Mwaka huu, nikiwa na miaka kumi na sita, mawe yakaanguka tukiwa darasani. Mwalimu wa hesabu alikuwa anaandika ubaoni. Akaona mdomo wake unafunguka na hatusikii, akaweka chaki chini, sote tukatazama dari. Dakika kumi na mbili. Tulipotoka, uwanja ulikuwa mweupe na majani ya miti yote yalikuwa chini, na kulikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyopondwa.

Nilikimbilia kwa mjomba. Alikuwa amesimama nje na bahasha mkononi, amevaa viatu vyake vya mpira, na hakuwa anakwenda popote.

"Peleka wewe," aliniambia. "Mimi nitafuata."

Hakunifuata. Nilijua hatafuata.

Nimeshika alikuwa anafagia barafu na vigae vya vioo mlangoni kwake. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alifagia karibu karibu, kama mtu ambaye haoni vizuri ufagio unaishia wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Mpwa wake Bwana Kabla."

Ufagio ukasimama. "Amekutuma?"

"Ndiyo. Picha."

"Yeye hana miguu?"

"Anayo."

"Basi angekuja nayo."

Lakini akaipokea bahasha. Akakaa kwenye kizingiti, akazileta picha karibu na pua moja baada ya nyingine. Nilisubiri ashangae. Hakushangaa.

"Hii alivaa kofia nyekundu," akasema. "Mwaka wa picha hii alikohoa sana kule juu, nikasema huyu mtu ana kifua. Hii, alidondosha nyundo, nesi akafoka."

"Ulikuwa unamwona?"

"Miaka yote. Nilikuwa nasimama hapa uani." Akanionyesha picha moja, na kweli, pembeni, karibu na kamba ya nguo, kulikuwa na kichwa chenye mvi kimeinuliwa juu. "Nilikuwa nasema, leo ataniita. Anamaliza, anakunja karatasi yake, anashuka."

"Yeye alidhani humwoni."

"Mtu yuko juu ya paa, mwanangu! Nani asimwone mtu aliye juu ya paa?"

Alicheka, halafu akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema ni baridi ya barafu.

Safari hii bima ilimtuma dada mmoja kijana. Akaweka picha ya mwisho ya kabla na picha ya baada bega kwa bega, akahesabu maduara, miraba akaiacha. Upande wa nyuma, ule wa boriti, ulikuwa na miraba minne ya miaka mingi, na safari hii hakuna aliyeuonea haya. Paa likabadilishwa lote kabla mwezi haujaisha. Zile picha za baada alikuwa amezipiga mtu mwingine, mpiga picha wa harusi. Mjomba alikataa kwenda. Alisema goti.

Kisha asubuhi moja, mjomba alikuwa anafunga kamba yake kwenye nguzo ya nyumba ya muuza vitabu. Mimi nilikuwa nimekaa na daftari. Nimeshika akatokea kwenye kona na fimbo. Hakusalimia. Akafika, akaifungua ile kamba, akaitupa kwenye nyasi.

"Ngazi imesimama wima mno," akasema.

"Imesimama vizuri," mjomba akasema.

"Wima mno. Unataka kuanguka chali?"

"Miaka minane haijaniangusha."

"Nimesikia iliwahi kukuacha juu kama paka."

Wakaivuta hatua moja nyuma, kila mtu akivuta upande wake. Mjomba akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza.

"Umeshika?"

"Nimeshika. Panda, jua halikusubiri."

Asubuhi ile walibishana mpaka nikashindwa kuandika. Mjomba alipiga picha nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Aliposhuka, Nimeshika aliendelea kuishika ngazi ingawa haikuwa na mtu.

"Binti yangu anakuja kunichukua mwisho wa mwezi," akasema. "Macho yamekwisha. Nyumba nitapangisha. Kule kwake ni safari ya siku nzima kwa basi."

Mjomba alikuwa anafuta chaki vidoleni. "Vizuri. Paa ni jipya, utapata wapangaji."

"Na wewe utamweka nani hapa?"

"Kamba ipo."

"Kamba haijibu," Nimeshika akasema.

Siku ya kuondoka, mjomba alikwenda mpaka kituoni akabeba sanduku. Sijui walisema nini. Alirudi akawasha radio.

Wiki iliyopita tulikuwa kwa fundi cherehani tena, msimu umekaribia. Mjomba alifunga kamba, akakagua fundo mara mbili, akauliza, "Umeshika?" Aliuliza kwa sauti ambayo fundi cherehani alisimamisha mashine yake na kuchungulia dirishani. Wanafunzi waliokuwa wanapita wakageuka, mmoja akacheka. Safari hii hakujijibu. Alisubiri, kichwa kimeelekea barabara inayokwenda kituoni, kisha akapanda.

Aliposhuka jua lilikuwa limeshapanda na bati limeanza kusema uongo. Akakaa kwenye kipandio cha chini, akavua viatu, akavikung'uta.

"Wewe uliwahi kuniuliza swali," akasema. "Ulikuwa mdogo, hujaota meno yote."

"Niliuliza unaongea na nani."

"Bado unataka jibu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Naongea na Nimeshika," akasema. "Zamani alikuwa hapa chini, nilikuwa nanong'ona tu. Halafu akawa mtaa wa tatu. Sasa yuko mbali, mpwa wangu, ndiyo maana umenisikia napiga kelele."